Dawa ya upele na chawa "haifanyi kazi"? Niambie kwanza uliipakaje

Mimi nakaa dirishani natoa dawa, na haipiti wiki bila mtu kuja kuniwekea tyubu tupu mezani kwa hasira, "hii dawa yenu feki, nimepaka yote na bado nawashwa". Basi naanza kumuuliza, ulipaka saa ngapi, ukaoga saa ngapi, nyumbani mko wangapi na waliopaka ni wangapi, tukifika swali la tatu mwenyewe anaanza kucheka. Juzi kuna kaka kaniambia alikuwa anapaka asubuhi kabla hajaenda kazini, anapaka pale panapowasha tu, jioni akirudi akiona bado panawasha anapaka tena, hivo hivo siku 6 mfululizo. Ngozi ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na alichokuwa anajikuna siku ile sidhani hata kama ni upele, ni dawa yenyewe ilikuwa inamuunguza.

Sasa haya ninayoandika ni kwa mtu ambaye ameshaonwa na kuandikiwa dawa. Kama hujaonwa nenda kwanza, maana kinachowasha sio lazima kiwe upele, kuna fangasi, kuna aleji, kuna pumu ya ngozi, na ukimpakaa mtu mwenye pumu ya ngozi dawa ya kuua wadudu unaichokoza tu. Na tafadhali sana, ile krimu ya miwasho iliyobaki kabatini tangu mwaka juzi iache hapo hapo. Nyingi zina steroidi ndani, zinatuliza muwasho siku mbili tatu, vipele vinafifia, wewe unafurahi, kumbe wadudu wanaendelea kuzaana raha mustarehe, na ukija kuonwa hata daktari anababaika kwa sababu upele haufanani tena na upele.

Kidogo kuhusu mdudu mwenyewe, nitakuwa mfupi lakini usiruke hapa maana ndio mzizi wa kila kitu. Upele (wengine wanaita skebi) unaletwa na kidudu cha jamii ya utitiri, jike lake halifiki hata nusu milimita, linachimba kihandaki kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai 2 au 3 kwa siku, na mayai yanaanguliwa ndani ya siku 3 hadi 4. Mtu wa kawaida mwenye upele anakuwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima! Muwasho wote ule unaokunyima usingizi ni mwili wako unawakataa wao na mayai yao na vinyesi vyao. Halafu kama ndio mara yako ya kwanza kuupata, muwasho unaanza wiki 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo panapowasha sio lazima ndipo mdudu alipo, ukipaka panapowasha tu unawaachia walioko kwengine. Na mtu unayelala naye kitanda kimoja anaweza kuwa nao mwezi mzima hajajikuna hata mara moja, atakuambia kwa kujiamini kabisa "mimi sina kitu", na siku 10 baada ya wewe kupona anakurudishia.

Ndio maana dawa inapakwa na nyumba nzima usiku mmoja, wanaowashwa na wasiowashwa, pamoja na mpenzi hata kama anaishi kwake. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walikuwa wanaongea kitu halisi kabisa hapo. Kama hela ya tyubu za watu wote haijapatikana, bora msubiri siku 2 mpate zote mpake pamoja kuliko kupaka mmoja mmoja kwa zamu.

Haya, twende kwenye usiku wenyewe. Dawa inayoandikwa sana ni krimu ya permethrini ya asilimia 5. Chagua usiku ambao kesho yake huna haraka ya kuamka alfajiri kuoga. Kata kucha zote, za mikono na miguu, fupi kabisa. Msemo unasema upele humuota asiye na kucha lakini kwenye upele huu mwenye kucha ndiye anayeumia zaidi, anajichana ngozi halafu wadudu wanajificha chini ya kucha. Ukioga, oga maji ya baridi au vuguvugu, jifute, halafu KAA, ngozi ipoe na ikauke kabisa. Watu wanapenda kuoga maji ya moto wajisugue na dodoki mpaka ngozi iwe nyekundu ndio wapake, eti dawa iingie vizuri. Hatutaki iingie mwilini, tunataka ibaki kwenye ngozi alipo mdudu, na ngozi yenye joto au iliyochubuka inanyonya dawa nyingi kuingia kwenye damu.

Sasa paka kuanzia kwenye taya kushuka mpaka nyayo. Mtu mzima wa mwili wa kawaida anatumia kama gramu 30, na tyubu nyingi ndio ujazo huo, sio ukamue kama dawa ya meno. Paka tabaka jembamba lakini usiruke hata kipande: nyuma ya masikio, shingo, kwapa, chini ya matiti na kuzunguka chuchu, kitovu chenyewe kwa ndani, mkanda wa kiuno, kati ya matako, kinena na sehemu za siri kwa nje, nyuma ya magoti, visigino, nyayo, kati ya kila kidole cha mguu. Mikononi ndio kwa kutulia, kati ya vidole, viganja, kifundo chote, kisha chukua mswaki wa zamani weka krimu kidogo sugua chini ya kila ukucha halafu huo mswaki utupe pale pale usije ukarudi bafuni. Mgongo huwezi kujifikia mwenyewe usijidanganye, mwite mtu. Kuna dada alipaka mara 3 na kila mara upele unarudi, tukaja kugundua anaishi peke yake na kale kamstari katikati ya mgongo hakajawahi kuguswa na dawa hata siku moja.

Subiri ikauke dakika chache, vaa nguo safi za mikono mirefu, lala kwenye shuka safi. Kaa nayo saa 8 hadi 14, usivuke hapo, mfano umepaka saa 3 usiku unaoga saa 1 au 2 asubuhi. Katikati ya hapo ukinawa mikono kwa sababu yoyote ile, umeenda chooni, umepika, pakaa tena mikono. Hili ndilo kosa namba moja nalokutana nalo, watu wanapaka vizuri kabisa halafu wananawa mikono kabla ya kulala na hawapaki tena, na mikono ndio makazi yao makuu hao wadudu.

Itachoma kidogo au kutekenya mwanzoni, hiyo kawaida, inapita. Ikivimba uso, ukapata shida ya kupumua, ukatoka mabaka makubwa, ioshe yote haraka uende hospitali. Permethrini imetengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, kwa hiyo kama una aleji na pareto au maua ya jamii yake mwambie anayekuandikia mapema.

Dozi ya pili inakuja baada ya siku 7 hadi 14, kadri ulivyoelekezwa, kazi yake ni kumaliza waliokuwa bado kwenye mayai. Andika tarehe ukutani au weka alamu kwenye simu. Kati ya dozi ya kwanza na ya pili HUPAKI. Najua utawashwa, najua mkono utaenda kwenye tyubu, usipake.

Watoto wana mambo yao. Chini ya miezi 2 usimpake permethrini kwa akili yako, hapo daktari ndiye anaamua, na mara nyingi wanapewa marhamu ya salfa. Watoto wachanga waliovuka umri huo, na wazee sana, wanapakwa mpaka kichwani, kwenye paji la uso na pembeni ya uso, ukikwepa macho na mdomo, kwa sababu kwao mdudu anapanda mpaka juu. Mtoto anayenyonya vidole mvalishe soksi mikononi usiku huo asilambe dawa. Na mama unayenyonyesha, kabla ya kumpa ziwa osha chuchu vizuri, akimaliza kunyonya pakaa tena. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito hata kama tumbo halijaonekana, permethrini mara nyingi anaruhusiwa lakini kuna dawa zingine hapa chini haziruhusiwi.

Ah na paka! Kama mnafuga paka, permethrini ni sumu kali kwake, asije akalala kifuani kwako na kukulamba wakati umepaka. Mfungie nje ya chumba mpaka uoge.

Kuna wengine wanapewa BBE, ile nyeupe kama maziwa ya maji maji, benzili benzoeti ya asilimia 25. Inafanya kazi ila inawaka, hasa sehemu za siri na palipochubuka, jiandae kisaikolojia. Ya asilimia 25 ni ya watu wazima, watoto inazimuliwa kwa maji, na kipimo cha kuzimua kinategemea umri, wa kwenye chekechea na wa miezi 8 sio sawa, kwa hiyo mwambie mfamasia akuoneshe pale pale dirishani kiasi gani cha dawa na kiasi gani cha maji, usiende kukisia jikoni. Ratiba yake pia ni tofauti na permethrini, soma lebo, usichukue masaa ya dawa moja ukayapeleka kwenye nyingine.

Dawa ambayo mimi binafsi ningekuuliza mara mbili ukija nayo ni lindani. Ni ya zamani, bei yake ilikuwa inawavutia watu, lakini inagusa mishipa ya fahamu. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo kali kabisa kwa sababu watu walipata degedege na wengine kufa, wengi wao walikuwa wameipaka mara nyingi au wamekaa nayo muda mrefu kuliko ilivyoandikwa, ingawa wapo waliopata shida hata kwa kupaka mara moja tu. Mtoto mdogo, mtu mwenye kifafa, mtu mwembamba wa chini ya kilo 50, mwenye ngozi iliyochunika, hao haiwafai. Ukiambiwa hakuna nyingine yoyote na daktari ameamua hivyo, basi ni mara moja kwa kipimo chake, unaosha kwa wakati, hurudii. Muwasho ukibaki haimaanishi urudie.

Vidonge navyo vipo, ivermektini, waliogundua dawa yake ya mwanzo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa hiyo sio dawa ya mchezo. Inapimwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, yani mtu wa kilo 60 anameza miligramu 12, ambavyo ni vidonge 4 vya miligramu 3, halafu anarudia baada ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo dirishani lazima upimwe kilo, mtu akikupa bila kuuliza uzito wako muulize yeye. Haipewi mtoto wa chini ya kilo 15 wala mjamzito. Na ile ya ng'ombe na farasi ni ya ng'ombe na farasi, ujazo wake umepangwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, watu wanajiua hivi hivi kwa kuhesabu matone.

Tuje kwenye chawa. Hawaruki, hawana mabawa, wanatembea tu kutoka nywele hadi nywele vichwa vikigusana, kwa hiyo kuwa nao sio uchafu na acheni kuwasema watoto wa watu. Kabla ya dawa hakikisha kweli wapo, chawa hai anayetembea, sio kitu cheupe tu. Mba ukipuliza unaruka, yai la chawa limegandishwa kwenye unywele na gundi yake mwenyewe, unalivuta kwa kucha halitoki, na yale yaliyo mbali na ngozi zaidi ya sentimita moja mara nyingi ni maganda matupu.

Hapa permethrini ni ya asilimia 1, sio ile ya upele ya asilimia 5, msibadilishane tyubu. Kama umesuka fumua kwanza. Osha nywele kwa shampuu ya kawaida BILA kondishena, kondishena inaufunika unywele dawa inashindwa kushika. Mimi mwenyewe nilishaharibu hapo kwa mtoto wa dada yangu, nikamwosha kwa ile shampuu yenye kondishena ndani yake sikusoma chupa, nikapaka dawa, kesho yake chawa wanatembea kama hakuna kilichotokea, na mimi ndio mtu wa dawa kwenye familia! Kausha kwa taulo nywele zibaki na unyevu, paka dawa mpaka kwenye ngozi ya kichwa, nyuma ya masikio na kisogoni, mtoto ashike kitambaa kikavu machoni, hesabu dakika 10 kwa saa sio kwa kukadiria, suuza kwenye sinki au akiwa ameinamisha kichwa, sio bafuni dawa ikamshukia mwili mzima. Siku moja mbili zinazofuata usioshe tena. Chana kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, fungu dogo dogo la nywele, kila ukivuta futa kitana kwenye tishu nyeupe uone umetoa nini. Kazi hii inachosha na mtoto atalia lakini ndio nusu ya matibabu, rudia kila baada ya siku 2 au 3 kwa wiki 2. Dozi ya pili ni karibu siku ya 9, kwa sababu mayai yanachukua siku 7 hadi 10 kuanguliwa na dawa nyingi haziui yai.

Ukipewa malathioni, dawa nyingine ya chawa, jua ile losheni ina spiriti na inashika moto. Hakuna kukausha kwa mashine, hakuna pasi ya nywele, hakuna sigara, hakuna kusogea jikoni mpaka nywele zikauke zenyewe na uoshe. Mafuta ya taa, petroli, dawa ya kupulizia mbu, dawa ya kuogeshea mifugo, hizo hata zisiguse kichwa cha mtoto, kuna watu wameungua na watoto wamelazwa kwa sumu. Chawa kwenye kope haziwekwi dawa yoyote ya hizi, unapaka mafuta ya mgando safi kwenye kope mara 2 hadi 4 kwa siku kwa siku 10, na kama ni mtoto mpeleke aonwe.

Nguo, hapa watu wanajitesa bure. Chukua nguo, shuka na taulo zilizotumika siku 3 zilizopita tu, fua kwa maji ya moto wa nyuzi 50 na kuendelea, kausha kwa joto au piga pasi. Kisichofulika funga kwenye mfuko wa plastiki, mdudu wa upele nje ya ngozi anaishi siku 2 hadi 3 tu, kwa hiyo siku 3 zinatosha na ukitaka amani ya moyo weka wiki, kwa chawa weka wiki 2. Vitana viloweke kwenye maji ya moto dakika 10. Godoro usilipulizie dawa ya wadudu, huyo mdudu haishi kwenye godoro lako anaishi kwako, ile dawa utaivuta wewe.

Dawa ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi yanayotiririka. Mtoto akiimeza usimtapishe, mkimbize hospitali na boksi mkononi.

Sasa muwasho baada ya dawa. Utaendelea wiki 2 mpaka 4 hata kama wadudu wote wamekufa, kwa sababu maiti zao na mayai bado zimo kwenye ngozi mpaka ngozi ijivue yenyewe. Paka mafuta yasiyo na manukato, omba kidonge cha aleji cha usiku, ila mkono usiende kwenye tyubu. Kinachotakiwa kukushtua ni vipele VIPYA au vihandaki vipya baada ya dozi ya pili, au muwasho umevuka wiki 4. Usisubiri hizo wiki kama kuna usaha, homa, ngozi imekuwa ya moto na kuuma, au mtoto kavimba uso na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, maana vidonda vya upele vikiingiwa na bakteria vinaweza kufika mpaka kwenye figo. Na mtu mwenye magamba mazito mikononi au mwilini, hasa mzee au mwenye kinga ndogo, huyo anaweza kuwa na wadudu maelfu kwa maelfu, tyubu moja haimsaidii, anahitaji hospitali na dawa ya kupaka na vidonge kwa pamoja.

Ukirudi kuonwa beba tyubu hata kama ni tupu, na kakaratasi kenye tarehe ulizopaka, saa uliyopaka na uliyooga, na majina ya waliopaka nyumbani. Hako kakaratasi kanatuokolea nusu saa ya maswali.